Nafasi Mbili Kwenye Lori la Gia Nne

Benchi lililo mbele ya kibanda changu cha ushonaji hapa Katesh ni langu kwa jina tu. Nililichongesha ili mteja akae akisubiri suruali yake ipindwe, lakini mwaka ule wa themanini na nane sikumbuki mteja aliyepata pa kuweka makalio. Walilikalia watu ambao hawakushona kitu na walijua kila kitu. Kulikuwa na Nikodemo, tuliyemwita Redio kwa sababu alilala na redio yake sikioni. Kulikuwa na Tadeo, aliyeitwa Bwana Shamba ingawa hakuwahi kuwa bwana shamba. Msimu mmoja alimbebea bwana shamba wa kweli bomba la dawa, basi cheo kikamganda. Mwalimu Kasian, mtu wa Rombo aliyepangiwa shule yetu, hakuwa na jina la utani, kwani huo ualimu peke yake ulishamchosha. Didas, dereva wa lori la shamba la ngano la serikali, aliitwa Gia Nne kwa kuwa gia ya tano ya lori lake ilikufa na yeye hakuwahi kuililia. Kahawa aliuza mzee wa Kirangi kutoka Kondoa, tukamwita Birika. Ilikuwa Julai, mavuno, upepo wa mlima Hanang unakata masikio, sukari haipo madukani, na kahawa tulikunywa chungu vivyo hivyo.

Asubuhi hiyo alikuja Hhando wa Gitting, kijana mkulima mwenye heshima zake. Hakuwa mtu wa benchi.

Hhando: Shikamooni.

Wakaitikia wote marahaba, hata Gia Nne ambaye ni rika lake. Mwenye ufunguo wa gari huwa anazeeka mapema.

Hhando: Didas, ndugu yangu, nasikia leo unakwenda Haydom.

Gia Nne: Nakwenda. Napeleka ngano hospitali ya misheni. Kuna nini?

Hhando: Naomba nafasi mbili. Mimi na mama Yoakimu. Sista Ernestina wa zahanati amempima, amekuta uvimbe kwenye ziwa. Anasema tusikae, twende hospitali wakate kipande waangalie ni kitu gani.

Gia Nne: Pole sana. Nafasi mbili zipo. Mtakaa mbele na mimi, nyuma kuna baridi. Shemeji yuko wapi?

Hhando: Yuko kwa dada yake hapo nyuma ya soko, anafunga vitu. Anakuja sasa hivi.

Gia Nne: Basi kaa unywe kahawa. Nikimaliza kikombe tunaondoka.

Mambo yalikuwa yamekwisha hapo. Mgonjwa ana gari, gari lina dereva, dereva hana kinyongo. Kama watu wangejaliwa adabu ya kunyamaza, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini Redio alikuwa ameshaweka kikombe chini, na Redio akiweka kikombe chini ujue kuna taarifa ya habari.

Redio: Umesema uvimbe wa wapi?

Hhando: Ziwa la kushoto.

Redio: Aisee! Jana usiku wameizungumza, idhaa ya nje. Kansa ya ziwa.

Hhando: Sista hakusema kansa. Alisema wapime.

Redio: Sista atasemaje mbele ya mgonjwa? Sikiliza. Wataalamu wamechukua panya. Panya mama ana kansa ya ziwa, ananyonyesha. Watoto wake wakikua na wao wanapata ziwani vilevile. Wakawanyang'anya watoto wengine wasinyonye kwake, hao wakapona. Wakatazama maziwa. Unajua walikuta nini mle?

Birika: Nini?

Redio: Virusi.

Neno hilo lilikuwa geni kwetu. Lilifika pamoja na bango la ukimwi lililobandikwa zahanati, lenye picha ya fuvu la mtu. Zamani tulikuwa na wadudu na uchawi, na tulikuwa tunaelewana vizuri tu. Tangu bango lile, ukitaja virusi, kila mtu anaangalia kikombe chake na kujiuliza nani alikinywea kabla yake. Na kweli, benchi zima liliangalia vikombe. Birika aliviosha vyote kwenye ndoo moja, na ile ndoo siisemi.

Kasian: Redio, mtangazaji alisema kansa ya binadamu ni ya virusi, au alisema huenda?

Redio: Alisema huenda. Lakini kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Kasian: Huenda ni huenda, bwana. Kwa panya wameona. Kwa binadamu bado wanatafuta. Mnaweza kutafuta kitu na msikikute.

Bwana Shamba: Mwalimu, dalili ya mvua ni mawingu. Panya ananyonyesha, mtu ananyonyesha. Kuku je? Hanyonyeshi. Umeshasikia kuku ana kansa ya ziwa?

Kasian: Kuku hana ziwa, Tadeo.

Bwana Shamba: Si unaona? Umenikubali mwenyewe.

Hhando alicheka kidogo. Nilimwona. Alikuwa bado anacheka wakati huo, kikombe mkononi, anaangalia njia ya sokoni mara moja moja.

Bwana Shamba: Sasa niulizeni hao panya wametoka wapi. Bonde la Basotu zamani lilikuwa majani na ng'ombe wa Wabarbaig. Panya alikuwepo mmojammoja, tena mwembamba. Wamekuja wazungu na matrekta, wamelima ngano mpaka macho yanachoka. Leo nenda ghalani, panya kama paka. Paka akiondoka panya hutawala.

Birika: Paka gani aliyeondoka?

Bwana Shamba: Mkoloni.

Kasian: Mungu wangu.

Bwana Shamba: Panya anakojolea ngano. Ngano inasagwa, unga unakuja dukani. Mama anapika chapati, anakula, virusi vinashuka moja kwa moja kwenye maziwa, kwa sababu ndiko vilikozoea.

Redio: Haba na haba hujaza kibaba.

Gia Nne: Ngoja kwanza. Mimi nabeba ngano hiyo miaka yote hii. Nalala juu ya magunia. Panya wananipita usoni. Mbona sina kitu?

Bwana Shamba: Wewe unanyonyesha?

Gia Nne akarudi kwenye kahawa yake. Nilikuwa napinda suruali ya polisi, kitambaa kigumu, sindano imeshakatika mara moja, na kelele zao zilikuwa zinanipandisha hasira. Nikawaambia mtu akitaka kuzungumzia panya aende ghalani. Wakasema fundi ana maneno, wakaendelea.

Birika: Mimi naona siyo panya. Ni ile ndege inayopuliza dawa ya kweleakwelea. Ndege wadogo wanakufa kwa maelfu, wanaanguka kwenye visima. Virusi vilivyokuwa ndani yao vitakwenda wapi? Vinatafuta mahali pengine penye joto.

Redio: Mgeni njoo mwenyeji apone.

Kasian: Hiyo methali haiingii hapo!

Redio: Virusi si mgeni?

Kasian: Ni mgeni, lakini mwenyeji haponi!

Redio: Basi ongea na waliotunga methali.

Bwana Shamba: Tuache masihara. Kutu ya ngano mnaifahamu. Bua moja linapata kutu Jumatatu, hakuna aliyeligusa, na Jumapili shamba zima limekuwa jekundu. Kwa nini? Upepo. Kama kutu inaruka, virusi vinashindwaje kuruka? Na vyenyewe ni vidogo kuliko kutu. Mwalimu, si ni vidogo?

Kasian: Ni vidogo sana.

Bwana Shamba: Ahaa! Chepesi ndicho huruka.

Gia Nne: Kwa hiyo unataka kusema, ndani ya kabini, vioo vimefungwa...

Bwana Shamba: Mimi sisemi kitu. Nazungumzia ngano.

Hapo Mwalimu Kasian aliona mazungumzo yanaelekea pabaya. Nampa haki yake, aliona. Alitaka kuwaondoa kwenye maziwa na pumzi, akakohoa kama yuko darasani.

Kasian: Jamani, sikilizeni. Kansa hii haiambukizwi kwa kukaa pamoja, wala kwa chapati. Nani ameona? Masista wanauguza wagonjwa hawa kila siku na hawapati. Tena siyo mambo ya kunyonyesha tu. Hata mwanaume anaweza kupata kansa ya ziwa. Ni wachache, lakini wapo.

Mkono wa Redio uliingia taratibu ndani ya koti. Wa Birika ukaingia ndani ya kanzu. Gia Nne alijikuna kifuani kwa uangalifu mkubwa, upande mmoja, halafu upande wa pili. Hhando peke yake hakujigusa. Alikuwa ameacha kucheka.

Hhando: Hao wanaume wanapataje, Mwalimu?

Kasian: Haijulikani vizuri.

Bwana Shamba: Haijulikani! Mtu amesomeshwa na serikali mpaka chuo, anatuambia haijulikani. Mimi sikusoma, lakini ningemuuliza huyo mwanaume swali moja tu. Analala na nani?

Hakuna aliyemwangalia Hhando, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kumwangalia.

Bwana Shamba: Hhando, mimi na wewe ni watu wa hapa, hawa ni wa kuja. Wazee wetu hawakuwa na redio. Lakini nyumba ikiingiwa na mkosi, walifanyaje? Waliiweka meeta. Hakuna kuomba moto pale, ng'ombe wao hawachungwi na wengine, mtu wa nyumba ile hapewi mkono mpaka wazee waseme imekwisha. Unafikiri walikuwa wajinga? Walikuwa wanazuia virusi.

Kasian: Meeta ni ya msiba, Tadeo. Hata mimi mtu wa Rombo najua. Mtu amefiwa, au mimba imeharibika. Uvimbe siyo msiba.

Bwana Shamba: Bado.

Kasian: Wewe! Mumewe amekaa hapa!

Bwana Shamba: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi namtakia mema.

Hhando akazungusha kikombe chake viganjani. Alipoongea, hakuwa anaongea na mtu.

Hhando: Mama yangu ameshaanza hiyo meeta. Juzi mke wangu Philomena alikwenda kwake kuomba kaa la moto. Mama akamwambia jiko limezimika. Na moshi unatoka kwenye nyasi za paa, kila mtu anauona.

Gia Nne: Philomena akasemaje?

Hhando: Akarudi. Tukala viporo.

Ungefikiri hapo mtu angeona aibu. Yule mwanamke anateleza na giza la asubuhi kwenda kuomba moto kwa mkwewe, anarudi mikono mitupu, na wanaume wazima wanaulizana njia za panya. Iliniuma, siwafichi. Wao iliwapa ushahidi.

Redio: Mzazi hawezi kumnyima mkwe moto bila sababu.

Birika: Mama mtu mzima anaona mbali.

Gia Nne akasafisha koo. Alikuwa mtu mwema, Gia Nne. Ukimwona mtu mwema anasafisha koo, kaa chonjo.

Gia Nne: Hhando, ndugu yangu, mimi sina neno na shemeji. Lakini kabini ni ndogo, na mimi nina watoto. Mwenda pole hajikwai. Akae nyuma, juu ya magunia. Upepo utampiga, hivyo virusi vitakwenda zake.

Kasian: Mgonjwa? Nyuma ya lori? Na baridi hii?

Gia Nne: Atajifunika.

Birika: Na hiyo ngano anayoikalia si inakwenda kuliwa na wagonjwa?

Redio: Wale wana virusi vyao tayari.

Wakacheka, siyo sana. Hhando alisubiri wamalize. Nilidhani atainuka amwambie Gia Nne maneno. Nilitamani ayaseme.

Hhando: Basi, Gia Nne. Nipe nafasi moja.

Gia Nne: Moja?

Hhando: Ya kwake. Mimi nina ng'ombe, hakuna wa kuwaangalia.

Alipofika aliomba mbili. Ng'ombe alikuwa nao hata wakati ule. Kahawa aliyopewa ilikuwa haijapoa, na ndani ya muda wa kikombe hicho kimoja mkewe alikuwa ameshatolewa kabini akapelekwa kwenye magunia, na ameshakosa wa kumsindikiza. Wala hakuna aliyemsukuma mwenzake. Kila mmoja alisema kaneno kake tu.

Ndipo Philomena akatokea upande wa sokoni. Mwanamke mrefu, kanga ameifunga kichwani kwa ajili ya upepo, kikapu mkono wa kulia. Wa kushoto alikuwa ameubana ubavuni.

Philomena: Shikamooni.

Kasian: Marahaba, mama. Pole na baridi.

Wengine walikuwa na kahawa mdomoni.

Philomena: Shemeji Didas, habari za asubuhi? Tunakaa mbele?

Gia Nne: Nyuma, shemeji. Mbele kuna vyuma vya karakana.

Mlango wa kabini ulikuwa wazi na kiti tunakiona wote, kitupu kabisa. Philomena alikiangalia, akamwangalia Gia Nne, akasema haya. Akaenda nyuma ya lori, akarusha kikapu juu ya magunia, akaweka mguu kwenye tairi na mkono wa kulia kwenye ubao.

Philomena: Hhando, nisukume kidogo. Huu mkono hauinuki.

Hhando aliinuka. Akapiga hatua, akasimama. Kati yake na mkewe palibaki nafasi ya mtu mmoja kupita. Philomena aligeuza shingo, mguu ukiwa bado kwenye tairi, akangoja. Akaziona sura za benchi moja baada ya nyingine. Hakuwa mjinga yule mama. Sura zote zilikuwa zinafanana na ya mkwewe.

Philomena: Huji?

Aliuliza taratibu tu, kama mtu anayeuliza kama kuna chumvi. Watu walioweza kueleza virusi tangu Ulaya mpaka Basotu, wakapitia kwa panya, chapati na ndege, wote waliinamia vikombe vyao. Mwalimu Kasian alinyanyuka nusu, akamtazama Hhando, kwa sababu mtu hawezi kumshika mke wa mtu kumpandisha gari na mwenyewe amesimama pale, akakaa tena. Mimi nilikuwa na pini tatu mdomoni.

Philomena akageukia lori. Mara ya kwanza mguu uliteleza, goti likagonga chuma, tukasikia. Mara ya pili akang'ang'ania ubao kwa mkono mmoja, akajivuta, akalala kwa tumbo juu ya gunia, akajigeuza akakaa. Hakulia wala hakumtukana mtu. Alitafuta kikapuni, akatoa koti la kiume la rangi ya kahawia.

Philomena: Koti lako. Nilikuwekea, nikajua kule kuna baridi.

Akalirusha. Hhando hakulidaka, likaangukia benchi, katikati ya Redio na Bwana Shamba. Wote wawili waliruka kama wameangukiwa na nyoka. Birika akabeba jiko lake akasogea nalo. Gia Nne, nadhani kwa aibu, aliingia kwenye gari kahawa yake ikiwa nusu, akawasha, akaondoka.

Tukabaki tumesimama. Benchi zima lilikuwa la koti.

Birika: Mtu alitoe hilo.

Redio: Bwana Shamba, wewe ulikuwa karibu.

Bwana Shamba: Karibu mimi? Lilikuangukia wewe mguuni!

Hhando akaja akaliokota. Alilikung'uta, akalivaa, pengine kwa sababu ya baridi tu, sijui. Kisha akakaa pale pale alipokuwa amekaa mwanzo. Redio akabaki wima. Bwana Shamba akakumbuka ana shughuli upande wa pili wa benchi, akaenda kusimama huko. Birika alichukua kikombe alichonywea Hhando, kwa ncha za vidole viwili, na hakukitia kwenye ndoo pamoja na vingine. Alikiweka chini, pembeni, kwenye vumbi.

Hhando alikiangalia kikombe kile muda mrefu.

Hhando: Sasa mimi nikae wapi?

Redio aliangalia juu kana kwamba anatafuta mawimbi. Bwana Shamba hakuwa na methali. Kwenye mteremko wa nje ya mji lori lilisikika likibadilisha gia. Lilikuwa linakwenda kijiji cha Mogitu kwanza kuongeza magunia, na kupakia kule huwa si kwa haraka. Kila mtu wa Katesh anajua hilo, na Hhando alikuwa mtu wa huku.

Akasikiliza. Akafunga vifungo vya koti mpaka cha shingoni, akainuka, akashika barabara ile ile bila kuaga. Mwanzoni alitembea. Alipofika usawa wa duka la ushirika niliona anakimbia.